Mishipa ya Fahamu, Figo na Chumvi: Funzo Kutoka kwa Kasa

Kasa apandaye ufukweni kutaga mayai katika kisiwa cha Juani, jirani na Chole huko Mafia, huonekana akitokwa na machozi. Hayo si machozi ya uchungu. Figo zake haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kuliko damu yake. Kwa hiyo chumvi ya bahari hutolewa na tezi zilizo karibu na macho. Ndege wa baharini nao wana tezi za namna hiyo, na kwao mishipa ya fahamu ndiyo huziamuru zianze kazi.

Binadamu hana tezi hizo. Tegemeo lake ni figo, nazo pia hupokea amri za mishipa ya fahamu. Mwaka 1859, Mfaransa Claude Bernard alikata mshipa wa fahamu uelekeao kwenye figo moja ya mnyama, na mkojo wa figo hiyo ukaongezeka. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa chumvi nayo huongezeka katika mkojo. Maana yake, kwa kawaida mishipa hiyo huzuia chumvi isipotee.

Huizuia kwa njia tatu: hubana mishipa ya damu ya figo, huhimiza vijifereji vya figo kurudisha chumvi mwilini, na huchochea utolewaji wa renini, kemikali inayoanzisha mfululizo wa kupandisha shinikizo la damu. Kwa mtu aliyeharisha au kupoteza damu, huo ni uokozi. Lakini amri hiyo ikidumu bila haja, chumvi na maji hubaki mwilini, shinikizo hupanda, na figo zenyewe huumia.

Hata hivyo, figo iliyopandikizwa, kama zile zilizoanza kupandikizwa Muhimbili mwaka 2017, hufanya kazi ingawa mishipa yake ya fahamu imekatwa. Mishipa hiyo hurekebisha kazi ya figo, haiianzishi.

Kwa mgonjwa: Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika ng'onda. Ng'onda aloweke, na maji yake yamwagwe. Dawa kama atenololi, ambayo hupunguza nguvu ya amri hizo, isiachwe ghafla bila ushauri wa daktari.

Kwa mhudumu wa afya: shinikizo lisiposhuka, uliza kwanza kuhusu chumvi na umezaji wa dawa, ndipo uongeze dawa nyingine.