Chai ya Kijani Yenye Manukato: Mambo ya Kujua Kabla ya Kung'oa Mashina ya Zamani

Wakulima wengi wa majani chai katika kaunti za Kisii na Nyamira hupeleka majani mabichi katika viwanda kama vile Kebirigo, Sanganyi, Nyamache na Kiamokama. Sehemu kubwa ya majani hayo hutengenezwa chai nyeusi ya CTC, ambayo bei yake hupanda na kushuka katika mnada wa Mombasa. Ndiyo sababu mkulima anaposikia kuhusu chai ya kijani ya Japani, ambayo huuzwa ghali ikiwa na harufu nzuri, huvutiwa.

Chai nyeusi na ya kijani hutoka kwa mmea mmoja. Tofauti huanza baada ya kuchuma. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwakatwa, kisha huachwa hewani yabadilike rangi. Majani ya chai ya kijani hutiwa joto mapema ili mabadiliko hayo yasitokee. Wajapani hutumia mvuke kwa kati ya sekunde 30 na dakika 2. Wachina hukaanga kwenye karai. Baada ya hapo majani huviringwa na kukaushwa.

Manukato hutokana na mambo mawili. La kwanza ni aina ya mche. Katika mkoa wa Shizuoka, Japani, aina iitwayo Koshun inajulikana kwa harufu inayofanana na ya maua, ilhali Yabukita ndiyo iliyoenea zaidi. La pili ni utunzaji. Majani yakitandazwa kivulini kwa saa chache kabla ya kutiwa joto, harufu huamka. Lakini yakishindiliwa kwenye gunia hupata joto na kuwa mekundu, na hapo hayafai tena kwa chai ya kijani.

Miche ya kutoka nje hairuhusiwi kuingizwa nchini bila kibali cha KEPHIS, kwa sababu inaweza kuleta magonjwa. Hapa nchini, watafiti wa chai wa Kericho walitoa mwaka 2011 aina ya TRFK 306/1, maarufu kama chai ya zambarau. Aina hii hutoa chai maalum, lakini ina funzo: pale ambapo kiwanda hakina mtambo wake wa kuisindika, majani yake huchanganywa na mengine na kulipwa bei ile ile. Soko hutafutwa kwanza, miche baadaye. Shina jipya huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuchumwa ipasavyo, na mkulima aliyeng'oa shamba lote hukaa muda huo bila malipo ya mwezi wala bonasi.

Mkulima anayetaka kujaribu anaweza kuanza na mashina aliyo nayo, kwa matumizi ya nyumbani:

1. Chuma majani mawili na chipukizi, asubuhi, na uyabebe kwenye kikapu kinachopitisha hewa.
2. Yatandaze kivulini kwa saa chache.
3. Yaweke juu ya mvuke wa maji yanayochemka, bila kugusa maji, kwa takriban dakika 1, hadi harufu ya nyasi mbichi iishe.
4. Yapepee yapoe haraka, kisha yaviringe kwa mikono.
5. Yakaushe kwa moto mdogo hadi kikonyo kivunjike kinapokunjwa.
6. Yahifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga.

Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya chai kavu. Majani ya mashina yetu huwa makali kuliko ya Japani, hivyo maji yasiwe yanatokota: nyuzi 70 hadi 80 na dakika 2 zinatosha.

Anayetaka kuuza ana wajibu zaidi. Chini ya Sheria ya Chai ya 2020, utengenezaji wa chai ya biashara husimamiwa na Bodi ya Chai ya Kenya, na chai iliyopakiwa huhitaji alama ya ubora ya KEBS. Vikundi vya wakulima vinashauriwa kupata mnunuzi na kukubaliana naye kwa maandishi kabla ya kununua mitambo.

Kwa ushauri kuhusu miche na udongo, wakulima wanaombwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao kabla ya kung'oa shina lolote.