Krismasi ya kwanza Dar: Kwenda Gairo au kubaki?

Familia iliyohamia Dar es Salaam kutoka Gairo, mkoani Morogoro, hukabiliwa na uamuzi mgumu kila ifikapo Desemba. Nyumbani huo ndio msimu wa kupanda mahindi. Mjini, sare na madaftari ya Januari vinasubiri fedha hiyo hiyo.

Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, hupitia Kilosa, si Gairo. Usafiri unabaki kuwa basi kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, na nauli huongezeka kwa idadi ya wasafiri.

Njia mojawapo ni kumtanguliza mmoja na fedha za mbegu, wengine wakila sikukuu ugenini. Zawadi huweza kusubiri, mvua haisubiri.