KABLA HUJAPAKIA MZIGO KWENYE BOTI, LISOME KOPO

Leo nawapa somo ambalo mimi nililipia Sh 186,000, nyie mlipate bure.

Nina kaduka kwenye kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Mzigo nachukua kwa bei ya jumla Dar au Kibiti mjini, unakuja kwa gari mpaka Nyamisati, halafu unapanda boti. Anayejua huku anajua: unasubiri maji yajae, na mkishaondoka hakuna habari ya kurudi kubadilisha katoni.

Siku hiyo muuzaji mmoja akaniambia, "Dada, haya maziwa ya kopo nakupunguzia, chukua katoni mbili utanishukuru." Bei ilikuwa chini kweli. Nikatazama kopo moja juu juu: alama ya TBS ipo, ile mistari myeusi ipo. Nikapakia.

Wiki ya pili bibi mmoja akarudi na kopo alilomnunulia mjukuu wake. "Mwanangu, maziwa haya mbona yananuka?" Bahati nzuri mtoto alikuwa hajanywa. Mwalimu aliyekuja kununua vocha akalichukua lile kopo, akaikwangua tarehe kwa ukucha. Kikabanduka kistika. Chini yake kulikuwa na tarehe nyingine: muda ulishakwisha miezi saba nyuma.

Niliwarudishia hela wote niliowauzia. Yaliyobaki tukayateketeza mbele ya afisa afya. Nikampigia muuzaji, akasema hanikumbuki. Risiti sikudai. Lakini kilichoniuma kuliko hela ni yule bibi: mwezi mzima alipita mlangoni kwangu kwenda duka la jirani.

Kosa langu lilikuwa hili: niliona alama nyingi nikadhani zote zinasema "kitu kizuri". Kumbe kila alama ina kazi yake moja tu. Nimejifunza hivi:

1. TBS. Hii ndiyo alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Inasema bidhaa ilipimwa na kukidhi kiwango. Haisemi kwamba kopo ulilolishika bado halijapitwa na muda. Na mtu akikwambia leo "hii ina kibali kipya cha TFDA", shtuka. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba.

2. Alama za majirani. Kenya wana KEBS, Uganda wana UNBS, Zanzibar wana ZBS. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu wa kutambuliana alama hizi, kwa hiyo usiukatae mzigo kwa kuwa tu hauna TBS. Soma ni alama ya nani.

3. Mistari myeusi (msimbomilia). Hii imewaponza wengi. Namba zikianza na 620, maana yake kampuni ilichukua namba zake GS1 Tanzania. Zikianza na 616, ilizichukua Kenya. Hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi, wala hazisemi kama ni bora. Ni namba ya kuitambua bidhaa tu, kama namba ya gari.

4. Halali. Inasema chakula kinaruhusiwa kwa Muislamu kuliwa. Kwa wateja wetu wa pwani ni jambo kubwa, ila angalia jina la taasisi iliyoithibitisha, kwa mfano BAKWATA. Neno tupu "Halal" mtu yeyote anaweza kulichapa.

5. Pembetatu ya mishale yenye namba 1 hadi 7. Hiyo inaeleza aina ya plastiki ya chupa. Glasi na uma inasema chombo kinafaa kuwekea chakula. Zote mbili zinazungumzia chombo, hazizungumzii kilichomo ndani.

6. Tarehe. MFG ni siku ilipotengenezwa, EXP ni mwisho wa matumizi. BB au "Best Before" ni siku ambayo ubora wake unaanza kushuka. EXP ikipita usiuze hata kwa punguzo, ni kosa kisheria. Linganisha tarehe ya katoni na ya kopo, na namba ya toleo (Batch au Lot) pia. Zikipishana, uliza. Pitisha kidole: ukihisi kistika, au wino ukafutika, acha hapo hapo dukani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa delta hatulizingatii. Tarehe ni ahadi yenye sharti. Pakiti ikiandikwa "hifadhi mahali pakavu na baridi", halafu ikashinda juani kwenye boti na kurushiwa maji ya chumvi, ile tarehe haikulindi tena. Mimi sasa nafunika kwa turubai, na dukani katoni nazipanga juu ya mbao, siyo sakafuni. Kopo lililovimba au kuota kutu kwenye mshono siliuzi, hata kama tarehe iko mbali.

Na wewe unayefungasha asali, dagaa au mafuta ya nazi, usiazime alama ya TBS kwenye lebo yako. Anzia SIDO upate barua ya utambulisho, kisha nenda TBS. Wajasiriamali wadogo wamewekewa unafuu wa ada. Kwenye lebo weka jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani yako, namba ya toleo na tarehe zote mbili.

Ndugu zangu, mjini mkaguzi anaweza kupita muda wowote. Huku visiwani hafiki kila wiki. Kati ya kiwanda na mjukuu wa yule bibi, macho ya mwisho ni ya kwako. Dakika kumi kabla hujalipa, na risiti mkononi, zingeniokolea ile laki na themanini.

Bibi amesharudi, namshukuru Mungu. Ila sasa kila akichukua kitu ananirudishia kwanza mkononi: "Nisomee tarehe." Nasoma kwa sauti, na waliopo dukani wanasikia.

Mtumie mwenzako anayekwenda kuchukua mzigo wiki hii.