Ghala la Gesi Ndani ya Miamba

Mkulima huvuna mara moja au mbili kwa mwaka, lakini jamaa yake hula kila siku. Ndiyo maana hujenga ghala. Nchi za baridi zitumiazo gesi asilia kwa kupasha nyumba joto zina haja ya namna hiyo hiyo. Gesi hutoka visimani na kupita katika mabomba kwa kiasi kisichobadilika sana mwaka mzima, bali matumizi yake hupanda mno wakati wa baridi na kushuka wakati wa joto. Gesi inayozidi hapana budi iwekwe akiba. Matangi ya chuma hayawezi kutosha, kwani kiasi kinachotakiwa hufika mamia ya mamilioni ya mita za ujazo. Kwa hiyo wahandisi huirudisha gesi katika maskani yake ya asili, yaani ndani ya miamba.

Makala hii inaeleza jinsi machimbo ya mafuta na gesi yaliyokwisha yanavyogeuzwa kuwa ghala, na kwa nini hatari kubwa ya ghala hilo aghalabu haitoki katika mwamba, bali katika matundu yaliyotobolewa na binadamu mwenyewe.

Mwamba si pango

Watu wengi hudhani kwamba mafuta na gesi hukaa chini ya ardhi katika pango kubwa, kama maji ndani ya mtungi. Sivyo. Hukaa katika vinyweleo vya mwamba, hasa ule uliofanyika kwa mchanga ulioshikamana. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Jaza bilauri mchanga mkavu hadi ukingoni, kisha mimina maji polepole. Bilauri iliyoonekana kujaa itapokea maji yanayofikia karibu theluthi moja ya ujazo wake. Mwamba wa mchanga una nafasi ndogo kuliko hiyo, lakini tabaka lenye unene wa makumi ya mita na upana wa kilomita kadhaa huweza kubeba gesi nyingi sana.

Vinyweleo peke yake havitoshi. Gesi ni nyepesi na daima hutafuta njia ya kupanda. Juu ya mwamba huo lazima pawe na tabaka jingine lisilopitisha gesi, kwa mfano la udongo wa mfinyanzi uliogandamana kuwa jiwe, lililopinda kama kuba na kufunika kama kifuniko cha chungu.

Hapa ndipo ilipo faida ya machimbo ya zamani. Kifuniko chake kimekwisha kujaribiwa na maumbile yenyewe, kwa kuwa kiliizuia gesi kwa mamilioni ya miaka. Ukubwa wa nafasi iliyomo hukadiriwa kutokana na hesabu ya gesi iliyokwisha kutolewa. Aidha, visima na mabomba yapo tayari. Jaribio la kwanza lililofanikiwa lilifanyika mwaka 1915 katika wilaya ya Welland, jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka uliofuata machimbo ya Zoar, karibu na mji wa Buffalo nchini Marekani, yakageuzwa vivyo hivyo. Hadi leo sehemu kubwa ya maghala ya gesi duniani ni ya aina hii.

Jinsi ghala linavyofanya kazi

Wakati wa joto, mashine za kushindilia huisukuma gesi kupitia visima hadi katika vinyweleo vya mwamba. Katika kina cha mita 2,000, kanieneo ya maji yaliyomo ardhini hukaribia mara 200 ya ile ya angahewa. Kanuni ya Boyle yatufundisha kwamba, halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri kanieneo inavyoongezeka. Basi gesi ya mita za ujazo 200 huku juu yaweza kuenea katika nafasi ya mita moja ya ujazo kule chini. Gesi halisi huachana kidogo na kanuni hiyo, na joto la kilindini nalo huongeza tofauti, lakini makadirio haya yanatosha kuonyesha nguvu ya ghala.

Wakati wa baridi vali hufunguliwa, na gesi hupanda kwa kanieneo yake yenyewe. Huko juu hukaushwa, kwani huja na maji na mabaki ya mafuta, kisha hupelekwa mjini.

Si gesi yote itokayo. Kanieneo ikishuka mno, iliyobaki hupanda polepole na haifai tena kwa haja ya ghafla. Kwa hiyo sehemu ya gesi, ambayo katika machimbo ya zamani huweza kufikia nusu ya yote, huachwa chini daima ili kuitegemeza ile inayoingia na kutoka. Kwa upande mwingine, kwa kawaida kanieneo hairuhusiwi kuzidi ile iliyokuwako kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa, maana hicho ndicho kiasi ambacho kifuniko kimethibitika kukistahimili.

Funzo la Aliso Canyon

Mafuta ya Aliso Canyon, katika milima iliyo kaskazini ya Los Angeles, Marekani, yaligunduliwa mwaka 1938. Yalipopungua, machimbo hayo yaligeuzwa kuwa ghala mwanzoni mwa miaka ya 1970, lenye uwezo wa kutoa gesi karibu mita za ujazo bilioni 2.4. Visima vyake vilizidi 100, na vingi vilikuwa vile vile vya zamani vya mafuta. Kimoja kilianza kuchimbwa mwaka 1953 na kuingizwa katika kazi ya ghala mwaka 1973.

Tarehe 23 Oktoba 2015 gesi ilionekana ikivuja ardhini karibu na kisima hicho. Mara kwa mara wahandisi walijaribu kukiziba kwa kumimina vimiminiko vizito kutoka juu, wasifaulu. Hatimaye kilichimbwa kisima kingine cha kukikuta chini kabisa, na tarehe 18 Februari 2016 ikatangazwa kwamba kimezibwa kwa saruji. Muda huo zilikuwa zimetoka tani zipatazo 97,000 za methani, gesi ambayo tani moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya tani moja ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Wakazi wa mtaa wa jirani, Porter Ranch, waliumwa vichwa na kutokwa damu puani. Maelfu ya familia zilihama kwa muda, na shule mbili zikahamishwa.

Je, kifuniko cha mwamba kilipasuka? La. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bomba la chuma linalokinga kuta za kisima lilipasuka katika kina cha mita 270 hivi, mbali juu ya mwamba wa ghala. Upande wake wa nje ulikuwa umeliwa na kutu iliyosababishwa na bakteria, mahali palipofikiwa na maji ya ardhini. Mahali hapo bomba halikuzungukwa na saruji. Tena gesi ilipitishwa katika bomba jembamba la ndani na pia katika nafasi iliyolizunguka, hata chuma kile kikawa kizuizi cha pekee. Baada ya mkasa huo, sheria za California ziliamuru gesi ipite katika bomba la ndani tu, ili la nje liwe kinga ya pili, na visima vipimwe mara kwa mara.

Kisima kina kumbukumbu

Kugeuza machimbo kuwa ghala, basi, ni kurithi kila tundu lililotobolewa na waliotangulia. Lililosahauliwa lazima litafutwe na kuzibwa, na litakalotumika lipimwe unene wa chuma chake na uimara wa saruji yake. Kazi hiyo hutegemea kumbukumbu: kina, aina ya bomba, mahali saruji ilipoishia.

Jambo hili latuhusu nasi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Mhandisi atakayeuliza siku moja kama kisima fulani chaweza kuaminiwa huenda hajazaliwa bado. Jibu lake litategemea yale yanayoandikwa na kutunzwa leo.