Homa Inapopanda Usiku

Joto la mwili hushuka alfajiri na kupanda jioni. Ndiyo maana mtoto aliyeshinda akicheza huweza kuwaka moto saa mbili usiku, zahanati imeshafungwa, wazazi wamebaki na blanketi, ndoo ya maji na dawa chache za nyumbani.

Kwanza apimwe. Kiganja kwenye paji la uso hubahatisha, ilhali themometa ya betri ikiwekwa vizuri kwapani hutoa jibu la kuaminika. Nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Ikifika 39, ni homa kali. Lakini namba peke yake haitoshi. Mwili wenyewe ndio unaopandisha joto ili upambane na vimelea, na mtoto mwenye nyuzi 39 anayenyonya na kutabasamu anatia matumaini kuliko mwenye 38 aliyelegea hata kuamka hawezi.

Homa ikifika 38.5, au mgonjwa akiwa taabani, apewe parasetamoli. Kipimo cha mtoto hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Wa kilo 10, basi, anahitaji miligramu 100 hadi 150. Sirapu nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini zipo zenye 250, kwa hiyo kila chupa mpya isomwe. Kijiko cha jikoni kisitumike. Kina ukubwa wowote ule. Mtu mzima wa kilo 50 au zaidi humeza vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24. Hatari iliyojificha ni dawa za mafua: nyingi nazo zina parasetamoli, na anayechanganya huzidisha bila kujua, akaumiza ini.

Aspirini asipewe mtoto kabisa. Ibuprofeni nayo iachwe pale dengi inaposhukiwa, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu. Wakazi wa Dar es Salaam, waliopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, wana sababu ya kulikumbuka hilo.

Blanketi liondolewe, mtoto avae nguo nyepesi, anyonye au anywe mara kwa mara: maji, uji mwepesi, dafu. Kumwogesha maji ya baridi humfanya atetemeke, na kutetemeka huzalisha joto zaidi. Kumpaka spiriti ni hatari, maana hupenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Kinachoogofya zaidi ni degedege. Katika miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walikuta familia nyingi zikimpeleka mtoto kwanza kwa mganga wa jadi, zikiamini kwamba sindano ya hospitali itamuua. Imani hiyo iligharimu muda, na malaria iliyopanda kichwani haina subira. Mtoto akipata degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, saa itazamwe. Ikipita dakika tano, safari ya hospitali ianze palepale. Ikiisha mapema, bado apelekwe siku hiyohiyo.

Wapo wasiosubiri mapambazuko: mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya wala kunywa, aliyekakamaa shingo, anayehema kwa shida, au asiyeamka vizuri.

Waliobaki wapimwe malaria kesho yake asubuhi, hata kama joto limeshuka. Parasetamoli hutuliza homa tu; vimelea vya malaria haviguswi, na mtoto huonekana amepona huku vikiendelea kuzaliana. Dawa mseto nayo isianzwe kwa kukisia, kwani kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa hivi. Mzazi aende na karatasi yenye nyuzi alizopima, dawa aliyotoa, kiasi chake na saa, kwa sababu mhudumu atayauliza yote kabla ya kuamua dozi inayofuata.