Ruhuhu Ichorongwe Kabla Mashine Haijaagizwa

Malori ya makaa ya mawe yanayopita Kitai yakitokea Ngaka, katika bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania, yamebeba taarifa ya kijiolojia ambayo mkandarasi yeyote wa handaki angeizingatia kabla hajataja bei. Bonde hilo lina miamba ya Karoo: mawe ya mchanga, mawe ya udongo na matabaka ya makaa. Ukipanda kuelekea milima ya Umatengo, unakutana na gnaisi, miamba ya kale zaidi na migumu.

Kwa mradi wa umeme wa maji, tofauti hiyo ni pesa. Mashine ya kuchimba handaki huundwa kwa oda, kulingana na mwamba unaotarajiwa. Gnaisi hula magurudumu ya chuma yanayoukata mwamba, na kila yakibadilishwa kazi husimama huku riba ya mkopo ikiendelea. Jiwe la udongo hukatika upesi, lakini baadhi yake likipata maji hulegea na kuvimba hadi likaibana mashine. Penye makaa kuna hofu ya methani, na hapo cheche moja inatosha.

Ethiopia waliyaona haya katika mradi wa Gibe II, wa megawati 420 na handaki la kilomita 26. Oktoba 2006 matope yenye mgandamizo mkubwa yaliisukuma mashine ikarudi nyuma, ikabidi ichimbwe njia ya pembeni kuifikia. Mradi ulizinduliwa Januari 2010. Siku chache baadaye sehemu ya handaki ikaporomoka, na uzalishaji ukasimama kwa miezi.

Njia nyingine ya kuchimba handaki ni baruti. Ni ya polepole, ila msimamizi wake akikuta mwamba mbovu hubadili mbinu siku hiyohiyo. Kwa handaki fupi ningeichagua bila kusita. Mashine hulipa gharama zake penye kilomita nyingi za mwamba unaojulikana.

Mto Ruhuhu uko kwenye mipango ya taifa ya umeme: mradi wa Kikonge wa megawati 300, na wa Masigira wa 118. Ikiwa handaki litahitajika, uchorongaji wa utafiti utangulie, na mkataba useme mapema nani atalipa mwamba ukigeuka. Watafiti wa makaa wamekwisha kuchoronga sehemu za bonde hili, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. TANESCO waanzie huko, kabla zabuni haijatangazwa.