Mtoto wetu hana pepo: maisha ya kila siku na usonji



Mtoto wetu wa tatu ana miaka tisa. Tukimwita jina, mara nyingi hageuki, ingawa masikio yake yanasikia vizuri. Akitaka maji, anashika mkono wa mama yake na kuupeleka kwenye bidoni. Anaweza kukaa saa nzima akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, na mtu akigusa kimoja tu, analia mpaka majirani wanakuja kuuliza.

Kwa miaka mingi tulikosa jina la jambo hili. Watu walitupatia lao: pepo. Katika chumba kimoja cha maombi mtoto alifungiwa siku tatu bila chakula. Alitoka amedhoofika, akarudi kwenye vifuniko vyake. Sisi wenyewe ndio tuliompeleka. Tumemwomba Mungu msamaha, na tunaandika ili mzazi mwingine asifanye vile.

Jina la kweli ni usonji, ambao waganga wetu wanauita otisme. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, na mwanzo wake ni kabla hajazaliwa au akiwa bado mdogo sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu mmoja kati ya 127 alikuwa nao. Basi katika kusanyiko la watu 300, tusishangae tukikuta wawili. Hautoki kwa chanjo, wala kwa malezi mabaya, wala kwa laana ya ukoo. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mtoto anaweza kujifunza mengi. Mpelekeni kwenye kituo cha afya apimwe masikio. Kama anaanguka kifafa, semeni, kwa sababu kifafa kina dawa na kinawapata baadhi ya watoto hawa.

Haya ndiyo tuliyojifunza nyumbani.

Siku iwe na utaratibu. Tumechora picha kwenye karton: kuoga, kula, masomo, kulala. Akiona kitakachofuata, anatulia.

Maneno yawe machache. Badala ya hotuba ndefu tunasema: "Viatu. Twende."

Kilio chake si ukaidi. Kelele nyingi, mwanga mkali au badiliko la ghafla vinamzidi nguvu. Fimbo inaongeza woga tu. Tunamtoa pole pole, tunamkalisha mahali pa kimya, tunangoja.

Na sisi wa mashariki tunajua kukimbia. Mtoto asiyeitikia jina lake anapotea haraka katikati ya umati. Tumeandika jina lake na namba ya simu kwenye kitambaa, tukakishona ndani ya nguo zake. Kaka yake mkubwa anajua kwamba siku ya kukimbia, kazi yake ya kwanza ni kushika mkono huo.

Kwa kanisa tuna ombi. Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Nasi tukatae. Tena, Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa adhabu anayefanya hivyo. Mchungaji anayesema hivyo kwenye mimbari anavunja sheria, na anaweza kumfanya mtoto afukuzwe nyumbani.

Tuombeeni, ndiyo. Lakini ombeni mtoto akiwa ameshiba, akiwa karibu na mama yake, bila kumshika kwa nguvu. Kisha mmoja wenu akae naye nje kwa saa moja, ili mama naye asikie mahubiri.

Katika kanisa letu, mama shemasi mmoja alianza bila kuombwa. Kila Jumapili anatuwekea benchi la nyuma karibu na mlango, mbali na ngoma. Ngoma zikizidi, mtoto anaziba masikio, anatoka naye mpaka chini ya mti. Sasa amezoea: akimwona mama huyo anaingia, anamletea kifuniko kimoja na kukiweka mkononi mwake.

Neema ya Bwana iwe nanyi.